Kusoma kwa Kasi: Kikomo cha Jicho, Kazi ya Ubongo na Wajibu wa Shule

Utangulizi

Mwaka 1959 mwalimu mmoja wa Marekani, Evelyn Wood, alianzisha kozi iliyodai kuwa mtu wa kawaida anaweza kufundishwa kusoma maelfu ya maneno kwa dakika. Mwanafunzi alielekezwa kuyaongoza macho kwa mkono, kuchukua fungu kubwa la maneno kwa mtazamo mmoja, na kuizima ile sauti ya ndani inayotamka maneno mtu anaposoma kimya. Zaidi ya miaka 60 baadaye, ahadi hiyo inauzwa upya kupitia programu za simu zinazoonesha neno moja moja kwa haraka katikati ya kioo. Wanaovutiwa nayo ni wengi: mwanafunzi wa udaktari mwenye mamia ya kurasa za kumaliza kabla ya mtihani, muuguzi anayetakiwa kuufahamu mwongozo mpya wa tiba, na mzazi ambaye mtoto wake yuko darasa la nne na bado anasoma kwa kusitasita.

Makala hii inaeleza namna jicho na ubongo vinavyosoma, kwa nini kasi ya kusoma ina kikomo, na kwa nini msomaji mwepesi hujengwa katika madarasa ya mwanzo wala si katika kozi ya wiki mbili. Inaeleza pia ni lini kusoma polepole huwa dalili inayopaswa kuchunguzwa hospitalini.

Jicho husoma kwa kuruka

Msomaji huhisi kwamba macho yake yanateleza juu ya mstari bila kukatika. Sivyo yalivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1870, katika maabara ya daktari wa macho Émile Javal jijini Paris, ilibainika kuwa macho husoma kwa miruko midogo yenye vituo katikati. Tafiti za baadaye zimepima vituo hivyo: kimoja huchukua takriban robo ya sekunde, na mruko mmoja huvuka herufi 7 hadi 9 kwa msomaji wa Kiingereza. Wakati wa mruko wenyewe jicho haliokoti habari mpya. Kila kinachosomwa husomwa kituoni.

Chanzo cha miruko hiyo ni umbile la jicho. Katikati ya retina kuna eneo dogo liitwalo fovea, na hilo ndilo lenye uwezo wa kuona herufi kwa ukali kamili. Linahudumia takriban nyuzi 2 tu za uwanja wa kuona, upana unaokaribiana na ule wa ukucha wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Nje ya hapo herufi hufifia haraka. Msomaji wa Kiingereza hupata habari yenye manufaa kutoka herufi 3 au 4 upande wa kushoto wa kituo na 14 au 15 upande wa kulia, lakini maneno yenyewe hutambuliwa katika sehemu finyu zaidi ya dirisha hilo. Kwa wasomaji wa Kiarabu na Kiebrania, dirisha hugeuka na kuelemea kushoto. Mtoto wa pwani anayekwenda shule asubuhi na madrasa jioni huyazoeza macho yake pande zote mbili.

Hivyo basi, dai la kusoma mstari au ukurasa mzima kwa mtazamo mmoja linapingana na maumbile. Hakuna zoezi linaloipanua fovea.

Dai jingine ni kwamba kurudi nyuma kwenye neno lililokwisha kupitwa ni tabia mbaya ya kuachwa. Kwa wasomaji wazuri, asilimia 10 hadi 15 ya miruko hurudi nyuma. Utafiti wa Elizabeth Schotter na wenzake uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kuwa wasomaji wanapozuiwa kurudia maneno yaliyopita, uelewa wao hushuka. Kurudi nyuma ni njia ya ubongo kurekebisha mahali ulipoelewa vibaya. Programu inayoonesha neno moja na kulifuta papo hapo humnyima msomaji nafasi hiyo.

Ndivyo ilivyo pia kwa sauti ya ndani. Sauti hiyo huyashikilia maneno katika kumbukumbu kwa muda mfupi hadi sentensi ikamilike. Watu wanapozuiwa kuitumia, matini mepesi huweza kueleweka, lakini yale yenye hoja ngumu huwaponyoka.

Ubongo na kazi ya kusoma

Mwanadamu amezungumza kwa makumi ya maelfu ya miaka, lakini maandishi yana miaka 5,000 hivi. Muda huo ni mfupi mno kwa ubongo kuzaliwa na kiungo maalumu cha kusoma. Kila mtoto, basi, hulazimika kukijenga upya. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanywa na Stanislas Dehaene wa Ufaransa na wenzake umeonesha kwamba, mtu anapojifunza kusoma, eneo la chini la upande wa kushoto wa ubongo kuelekea kisogoni huanza kuitikia herufi na maneno, na huunganishwa na maeneo ya lugha ya mazungumzo. Utafiti wao wa mwaka 2010, uliohusisha watu wazima wa Brazili na Ureno, uliona mabadiliko hayo hata kwa waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima. Kwa mgonjwa asiyejua kusoma hiyo ni habari njema: elimu ya watu wazima hubadilisha ubongo kwelikweli.

Njia hiyo ikishajengeka na kutumika mara nyingi, neno hutambuliwa bila jitihada. Hapo ndipo kasi ya kweli huzaliwa. Msomaji mwepesi huwa mwepesi kwa sababu kila neno humgharimu muda mchache na hubakiza nguvu za kufikiri juu ya maana. Kwa hiyo hata kasi ndogo mno ina madhara. Mtoto anayechukua sekunde 5 kuunganisha neno moja atakuwa amesahau mwanzo wa sentensi anapofika mwisho wake.

Kozi za kasi zilipopimwa

Mtafiti wa Ubelgiji, Marc Brysbaert, alikusanya matokeo ya tafiti 190 na mwaka 2019 akakadiria kuwa mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya husoma takriban maneno 238 kwa dakika anaposoma maandishi ya maarifa. Dai la maneno 1,000 na zaidi ni zaidi ya mara 4 ya kiwango hicho.

Katika miaka ya 1980, wanasaikolojia Marcel Just na Patricia Carpenter walilinganisha wahitimu wa kozi za kasi, wasomaji wa kawaida, na watu walioambiwa wapitie matini juu juu tu bila mafunzo yoyote. Wahitimu wa kozi walikwenda haraka sana, lakini macho yao yalitua kwenye takriban theluthi moja tu ya maneno, wakati wasomaji wa kawaida walitua kwenye theluthi mbili hivi. Kwa matini mepesi waliambulia kiini cha habari. Kwa matini magumu walishindwa na wasomaji wa kawaida, na maswali kuhusu jambo mahususi waliyaweza tu pale macho yao yalipokuwa yametua karibu kabisa na neno lililohusika. Kwa maneno mengine, walichofundishwa ni kuruka maneno kwa ustadi.

Kupitia matini kwa haraka kuna mahali pake. Mtu anayetafuta sura ya kifaduro katika kitabu cha magonjwa ya watoto hana haja ya kusoma kila ukurasa. Hutazama vichwa vya habari, sentensi ya kwanza ya aya na majedwali, kisha husimama mahali alipopata anachokitafuta na kukisoma kwa ukamilifu. Kosa ni kuita upitiaji huo usomaji, na kuutumia pale ambapo kila neno lina uzito.

Silabi moja inayobadili tiba

Katika Kiswahili hatari hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Neno moja la Kiswahili hubeba mambo ambayo lugha nyingine huyagawa katika maneno mengi. Neno "wasipompeleka" lina herufi 13, na ndani yake kuna watendaji, ukanushi, sharti, mtendwa na kitendo. Kiingereza huhitaji maneno 6 kusema hayo. Kwa sababu hiyo idadi ya maneno kwa dakika haiwezi kuhamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Katika utafiti wa lugha 17 uliochapishwa mwaka 2012, wasomaji walipewa matini yaleyale yaliyotafsiriwa: wa Kiingereza walisoma kwa wastani wa maneno 228 kwa dakika, na wa Kifini, lugha ambayo nayo huunda maneno marefu kwa viambishi, walisoma 161. Wafini hawakuwa wazito. Maneno yao ndiyo yaliyobeba zaidi.

La muhimu zaidi kwa huduma za afya ni mahali ukanushi unapokaa. Katika "mgonjwa atumie" na "mgonjwa asitumie", tofauti ni silabi moja iliyojificha ndani ya neno. "Akinyonya vizuri" na "asiponyonya vizuri" huonekana kama ndugu kwa jicho linalopita haraka, ilhali la kwanza humruhusu mama kubaki nyumbani na la pili humtaka amkimbize mtoto kituo cha afya. Msomaji anayechukua umbo la neno kwa jumla hushika shina, yaani kutumia au kunyonya, na huweza kuipoteza silabi inayoamua uhai.

Hatari nyingine zimo katika namba na majina. "Mara 2 kwa siku" na "kila baada ya siku 2" si kitu kimoja. Dawa ya methotreksati kwa mgonjwa wa baridi yabisi ya viungo hutumika mara 1 kwa wiki, na ikimezwa kila siku kwa makosa inaweza kuua. Klorpromazini ni dawa ya magonjwa ya akili na klorpropamidi ni dawa ya kisukari, lakini majina yake yanafanana kiasi cha kumponza mfamasia mwenye haraka. Katika maandishi ya aina hii msomaji bora ni yule anayejua kupunguza mwendo.

Shule zinavyofundisha kusoma

Katika nchi zinazotumia Kiingereza, ufundishaji wa kusoma umekuwa uwanja wa mabishano kwa miongo mingi. Upande mmoja ulisisitiza mtoto alitazame neno zima na kulikariri, au alibashiri kwa kutumia picha na muktadha. Mwaka 1967 Kenneth Goodman wa Marekani aliueleza usomaji kuwa ni mchezo wa kubashiri. Upande mwingine ulishikilia kwamba mtoto afundishwe kwa mpangilio uhusiano wa herufi na sauti. Tafiti za miendo ya macho ziliuunga mkono upande wa pili: msomaji stadi huyaona maneno yenyewe na kuyatambua haraka, na anayetegemea kubashiri ni yule dhaifu. Mwaka 2000 Jopo la Taifa la Kusoma la Marekani lilitaja nguzo 5 za ufundishaji: utambuzi wa sauti, uhusiano wa herufi na sauti, kusoma kwa ufasaha, msamiati na ufahamu. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2012 watoto wa England wa takriban miaka 6 hupimwa kwa maneno 40, nusu yake yakiwa hayana maana, ili kuona kama mtoto anasoma herufi au anakumbuka umbo.

Kiswahili kina neema katika jambo hili. Irabu ni 5, kila moja ina sauti yake, na karibu kila herufi hutamkwa kama ilivyoandikwa. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003 kuhusu lugha za Ulaya ulionesha faida ya mfumo wa namna hiyo: mwishoni mwa darasa la kwanza watoto wa Kifini walisoma kwa usahihi takriban asilimia 98 ya maneno ya kawaida, na watoto wa Scotland waliosoma Kiingereza walisoma asilimia 34.

Hata hivyo neema hiyo haijitumii yenyewe. Darasa zima linaweza kuimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti moja huku baadhi ya watoto wakitazama dirishani. Wanaujua wimbo na hawazijui herufi. Mwalimu huwatambua kwa kuonesha silabi bila kufuata mpangilio, au kwa kuandika neno la kubuni kama "gabifo" na kumtaka mtoto alisome. Konsonanti zinazofuatana nazo huhitaji muda: "ng'ombe" na "ngoma", "dhahabu" na "ghala". Katika "mbu" herufi m ni silabi peke yake, na katika "mbuzi" imeungana na b. Mtoto huyajua hayo kwa sikio, lakini macho yake hayajui mpaka afundishwe.

Kuna pia watoto wanaofika shuleni bila kukisema Kiswahili nyumbani. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliueleza ufahamu wa kusoma kuwa ni zao la mambo 2: uwezo wa kung'amua maandishi na uelewa wa lugha yenyewe. Kama ilivyo katika kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto anayetamka kila neno kwa usahihi bila kulielewa hajachelewa kusoma. Anahitaji lugha: hadithi, mazungumzo na msamiati.

Mwaka 2015 Tanzania ilianza kutekeleza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na mwaka huohuo Kenya ilianza kutekeleza mpango wa Tusome katika shule zake. Katika tathmini za madarasa ya mwanzo, mtoto hupewa kifungu asome kwa dakika 1, huhesabiwa maneno aliyoyasoma kwa usahihi, kisha huulizwa maswali ya ufahamu. Kipimo hicho kina manufaa, lakini kipimajoto hakitibu homa. Kumhimiza mtoto akimbie ili namba ipande ni sawa na kukichovya kipimajoto katika maji baridi na kudai kuwa homa imeshuka. Kasi hupanda yenyewe pale mtoto anapokisoma kifungu kifupi kwa sauti mara kadhaa, mbele ya mtu anayemsikiliza na kumsahihisha, na pale anapokuwa na vitabu vya kusoma baada ya masomo.

Mtoto anayesoma polepole afikapo kliniki

Mzazi akilalamika kuwa mtoto hasomi, mhudumu wa afya asikimbilie kusema atazoea, wala mwalimu asikimbilie fimbo. Adhabu haijengi njia ya ubongo. Mambo yafuatayo yachunguzwe kwanza:

- Macho. Mtoto anayekaza macho kutazama ubao, au anayeumwa kichwa baada ya kusoma, apimwe uoni wa mbali na wa karibu. Miwani sahihi inaweza kumaliza tatizo kwa siku moja.
- Masikio. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara huenda hazisikii vizuri sauti za lugha, na asiyetofautisha sauti hawezi kuziunganisha na herufi.
- Damu na lishe. Upungufu wa damu na wa madini ya chuma hupunguza umakini. Mwenye seli mundu anaweza kupata viharusi vidogo visivyo na dalili za wazi, vinavyojitokeza kama kushuka kwa masomo.
- Ubongo. Waliougua malaria kali ya ubongo wanaweza kubaki na athari za lugha na kumbukumbu. Mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku huenda ana kifafa kisicho na degedege.
- Disleksia. Hili ni tatizo la kuzaliwa nalo katika kuunganisha herufi na sauti, na halina uhusiano na upungufu wa akili. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, mwenye disleksia mara nyingi husoma kwa usahihi lakini kwa uzito mkubwa, na hivyo huitwa mvivu.

Disleksia hutibiwa kwa mafunzo ya ziada ya sauti na herufi, yenye mpangilio na marudio, na kwa kuongezewa muda wa mtihani. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko kwamba mazoezi ya macho na lenzi za rangi havina ushahidi wa kutibu tatizo hilo. Kozi ya kusoma kwa kasi haimfai mtoto huyu hata kidogo.

Watu wazima

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu na maandishi ya karibu huanza kufifia. Muuguzi anayeusogeza mbali mwongozo ili auone, au anayechoka baada ya ukurasa mmoja, anahitaji miwani ya kusomea kabla ya kuhitaji mbinu yoyote ya kasi.

Kupoteza ghafla uwezo wa kusoma ni jambo tofauti kabisa. Mwaka 1892 daktari wa Ufaransa, Jules Dejerine, alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kuzungumza na kuandika lakini hakuweza kusoma hata alichokiandika mwenyewe, kwa sababu ya kiharusi kilichoharibu sehemu ya nyuma ya upande wa kushoto wa ubongo. Mtu aliyekuwa akisoma vizuri jana na leo herufi zimekuwa ngeni kwake asipelekwe kwa muuza miwani. Apelekwe hospitali mara moja.

Hitimisho

Kasi ya kusoma ni tunda la usahihi uliorudiwa mara nyingi na la lugha iliyoeleweka. Mwanafunzi anayetaka kusoma haraka zaidi apanue msamiati wa fani yake, asome kila siku, na apitie vichwa vya habari kabla ya kuanza sura. Mhudumu wa afya anayesoma kipimo cha dawa asome mara 2, na namba azitamke kwa sauti. Anapomkabidhi mgonjwa maandishi, amwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyotumia dawa. Maelezo hayo ndiyo yatakayoonesha kama ile silabi ndogo ya ukanushi imeonekana au imepitwa.